Nyota tatu na nusu kwa mwajiri anayenijua kwa check namba tu

Mdogo wangu kamaliza diploma ya uuguzi juzi kaniuliza, "dada, nisubiri ajira ya serikali au niikamate hii hospitali ya binafsi iliyoniita?" Nikaanza kumjibu kwa voisi, ya kwanza dakika nne, ya pili sita, ya tatu akanitumia emoji ya kulala. Basi nimeona niandike. Watu wanatoa nyota kwa simu, kwa magodoro, hadi kwa chipsi kuku, ila mwajiri ambae utakaa nae mpaka miaka 60 hakuna anaekwambia yukoje mpaka uwe umeshasaini.

Mi ni Afisa Muuguzi Msaidizi. Niliajiriwa 2018 chini ya halmashauri moja huko kanda ya magharibi, jina naliacha, wanaoijua watajua. Nimekaa zahanati miaka mitano, sa hivi niko hospitali ya wilaya. Kabla ya hapo nilipiga karibu miaka miwili hospitali ya binafsi Dar, kwa hiyo sisemi vitu vya kusikia.

Kwanza uelewe unaajiriwa na nani, maana hapo ndo utamu na uchungu wote unapoanzia. Sera inatoka Wizara ya Afya. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya viko chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kibali cha ajira ni Utumishi. Mshahara unatoka Hazina, huko wanakujua kwa check namba, yaani namba yako ya utumishi kwenye orodha ya mishahara. Mwajiri wako kwenye karatasi ni Mkurugenzi wa halmashauri, bosi wako wa kila siku ni Mganga Mkuu wa Wilaya, na leseni yako ya kufanya kazi iko Baraza la Wauguzi na Wakunga. Hao wote ni mwajiri na hakuna hata mmoja ambae ni mwajiri. Ukiwa na shida unazunguka kama mtu anaetafuta mwenye mbuzi gulioni, kila mtu anakuonyesha kwa kidole mtu mwingine.

Lakini mshahara unajua njia, hilo lazima niliseme kabla sijaanza kulalamika. Tarehe 23 au 24 unasikia mtu wodini anasema kwa sauti ya chini "umesoma", na kila mtu anashika simu yake. Toka 2018 haujawahi kunipita mwezi. Kule Dar nilikuwa nalipwa nusu tarehe 5 na nusu nyingine bosi akijisikia, na siku niliyoenda kuangalia michango yangu ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nikakuta miezi kumi na moja haijapelekwa wakati kwenye karatasi ya mshahara ilikuwa inakatwa kila mwezi! Nilikaa kwenye kiti pale kaunta nikacheka tu, yule dada akadhani nimechanganyikiwa. Huku PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, mi nakatwa asilimia 5 mwajiri anaweka 15 na inaonekana. Kwa hilo tu nyota mbili nzima nampa, wala sibishani na mtu.

Kadi ya bima nayo. Asilimia 3 yangu na 3 ya mwajiri, unapata kadi wewe, mwenza wako na wategemezi hadi wanne, na wazazi unaruhusiwa kuwaweka humo. Mama yangu alitolewa mtoto wa jicho macho yote mawili kwa kadi yangu. Mama ambae hajawahi kuajiriwa popote, amelima mihogo maisha yake yote, leo anachambua mchele mwenyewe na kunipigia simu kunisema nimekonda kwenye picha. Kuna watu wanaibeza kadi, na kweli Machi 2024 hospitali kadhaa za binafsi ziligoma kuipokea kwa sababu ya kile kitita kipya, yaani orodha mpya ya bei za mfuko wa bima, watu wakahangaika, ila mi nikimwangalia mama nanyamaza.

Sasa njoo kwenye kuingia. Nilimaliza chuo 2016, mwaka ambao bomba la ajira lilifungwa, ilikuwa watumishi hewa, mara uhakiki wa vyeti. Aprili 2017 ndo ikatoka ile orodha ya watumishi zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, na mwezi huo huo wale madaktari 258 walioomba kwenda Kenya wakaajiriwa hapa hapa nyumbani baada ya safari yao kukwama mahakamani kule. Nakumbuka tulikuwa chumba cha kubadilishia nguo tunasoma habari hiyo, mwenzangu akasema "kumbe zipo nafasi." Ndivyo mwajiri huyu alivyo, miaka miwili kimya kama kaburi, siku akiamka anaita maelfu kwa mkupuo na anakupa siku chache za kuripoti. Kama una mtoto mchanga, kama umelipa kodi ya nyumba ya miezi sita, shauri yako.

Nikapangiwa zahanati ambayo sikuiona hata kwenye ramani ya simu. Kutoka makao makuu ya wilaya ni basi mpaka njia panda, halafu bodaboda saa moja na nusu kiangazi, masika usiulize. Watumishi watatu: tabibu ambae ndo mganga mfawidhi, mi muuguzi, na mhudumu wa afya mama mmoja ambae kwa kweli ndo alikuwa anaendesha kila kitu. Hela ya kujikimu ya kuripoti ilichelewa, nikala kwa yule mama wiki tatu, ugali wa muhogo na migebuka ya kukausha. Nilikuja kuipata nikiwa nimeshasahau kuidai.

Ukienda zahanati jua hili, wewe si muuguzi tu. Asubuhi kliniki ya wajawazito, mchana chanjo, jioni unashona mtu aliyejikata na panga, usiku unazalisha. Na katikati ya hayo yote kuna MTUHA, vitabu vya takwimu za afya. Wagonjwa wa nje kitabu cha 5, wajawazito cha 6, watoto cha 7, waliojifungua cha 12, na mwezi ukiisha unajumlisha kwa mkono kila kisanduku halafu takwimu zikasomwe huko juu. Mama mmoja mjamzito anaandikwa sehemu nyingi kuliko muda niliompima! Nimewahi kukaa hadi saa saba usiku kwa tochi ya simu nahesabu wa chini ya miaka mitano wenye kuhara, na mi mwenyewe tumbo linaniuma.

Halafu tabibu wetu akaenda kusoma. Hapa kuna faida watu hawaisemi vya kutosha: ukithibitishwa kazini na ukapata ruhusa ya masomo, unaenda chuo na mshahara unaendelea kuingia. Ye alienda kusoma udaktari, miaka mitano, watoto wanakula, nyumba imeezekwa. Niambie hospitali gani ya binafsi inaweza kukulipa miaka mitano haikuoni. Sema na kurudi kuna mambo yake. Amerudi daktari, anafanya kazi za daktari, ila kubadilishiwa muundo, yaani cheo cha kulipiwa, kunasubiri bajeti, kunasubiri kibali, kwa hiyo kwenye mshahara bado ni tabibu. Anatania kwamba mkono wa kulia ni daktari, wa kushoto tabibu, na wa kushoto ndo unaopokea hela.

Alipoondoka nikawa kaimu mfawidhi, na hapo ndo nikajua hela za kituo. Toka mwaka wa fedha 2017/18 fedha zinakuja moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, haziishii wilayani tena, na mi naliunga mkono kwa mikono miwili kwa sababu kabla ya hapo wanasimulia mlikuwa mnaomba hadi sabuni kwa barua. Ila mwisho wa siku nani anapanga bajeti? Muuguzi. Nani anaita kamati ya kituo, anaandika muhtasari, anatafuta risiti, anajaza FFARS, ule mfumo wa mahesabu ya kituo, anapanda bodaboda kwenda benki mjini na mwenyekiti wa kamati nyuma yake? Muuguzi huyo huyo. Siku niliyoenda benki zahanati haina mtu wa kuzalisha. Mkaguzi akija haulizi ulizalisha wangapi, anauliza mbona hii risiti ya rangi haina tarehe.

Kuna usiku mmoja mwaka 2023 nauweka hapa kwa sababu unaonyesha huu mfumo mkubwa unavyoweza kukubeba. Mama wa uzao wa sita, mtoto katoka salama, kondo limetoka, damu haikati. Nimechoma oxytocin, sindano ya kuzuia damu, nakanda tumbo, natundika dripu, inapungua inarudi. Mtandao pale ulikuwa unashika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya choo, basi mhudumu akakimbia na simu yangu juu ya kichuguu akapiga 115, ule mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Siku hizo si gari la wagonjwa peke yake, wana madereva wa huko huko vijijini waliosajiliwa, mfumo unamtafuta aliye karibu na analipwa kwa safari. Ikaja Noah ya jamaa ambae mchana anabeba dagaa. Tukamlaza yule mama kwenye harufu ya dagaa, mkono wangu tumboni kwake njia nzima, hospitali ya wilaya tukakuta wameshaambiwa, damu iko tayari. Alipona. Mtoto kampa jina langu, ambalo kusema ukweli sio jina zuri.

Kule Dar tulikuwa na ambulensi mbili zinang'aa, na geti ambalo halikufunguka mpaka mtu alipe kianzio.

Wiki mbili baada ya usiku ule akaja kiongozi kwenye ziara. Sitamtaja. Wananchi wamekusanyika, vumbi, spika, na mimi nikaitwa mbele nieleze kwa nini dawa fulani hakuna. Dawa niliziagiza kwa fomu na nakala ninayo, hazikuja kwa wakati, sio mimi ninaeendesha lori. Lakini kule mbele haujibu hivyo. Unasema "ndio mheshimiwa, tumelipokea." Akaniuliza kama naipenda kazi yangu, watu wakacheka, na miongoni mwa waliocheka kuna mama nilimshona msamba mwezi uliopita. Nyota nzima niliitoa siku ile na sijairudisha. Mwajiri anaekulinda kwenye mshahara anakuachia kwenye vumbi, na jioni wagonjwa wanakuja tena unawahudumia na uso ule ule.

Pesa yenyewe sasa, maana najua ndo unaisubiri. Mshahara unatosha kuishi kijijini, mjini unabana. Nyongeza ya Mei Mosi 2025, ile ya asilimia 35.1, ilipandisha kima cha chini kutoka 370,000 kwenda 500,000, ila wengi walisikia 35 wakadhani ni ya kila mtu, ndugu wakaanza kupiga simu kabla hata ya Julai. Madaktari wetu waliosomeshwa na bodi ya mikopo wanakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi juu ya makato mengine, ukimuona daktari kijana anapanda bodaboda usimcheke. Posho za kuitwa usiku na za ziada zipo kwenye maandishi, zikija zinakuja kwa mkupuo, zisipokuja usizipigie hesabu kwenye ada ya mtoto. Likizo ni siku 28 na nauli unalipwa kila baada ya miaka miwili, mi nadai ya safari mbili, najua wenzangu wanaodai zaidi, tumeshaacha hata kuulizana.

Na mikopo. Aisee. Ukipata tu check namba unakuwa lulu, mabenki yanakuja hadi wodini na fomu na kalamu ya zawadi. Sheria inasema baada ya makato yote ubaki na theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwa hiyo wengi wanaishi kwenye theluthi hiyo miaka saba, na ile theluthi ikiisha tarehe 10 wanaenda kwa kausha damu, ambae anabaki na kadi yako ya benki na namba yako ya siri. Nimefanya kazi na muuguzi mzuri sana, mikono ya dhahabu, tarehe 24 haendi ATM yeye, anaenda mwenye kadi. Hii sio kosa la mwajiri peke yake lakini usalama wa ajira ndo chambo, mkopeshaji anajua hufukuzwi ovyo.

Hilo la kutofukuzwa lina sura mbili. Upande mmoja ukiumwa, ukizaa, hukuti mtu kwenye kiti chako. Nimejifungua nikapewa siku zangu 84 na mshahara wote, kule Dar mwenzangu alipojifungua aliambiwa "ukiwa tayari tutakuita", hawakumwita. Upande wa pili ni kwamba mvivu hafukuzwi na mchapakazi haonekani. Daraja mnapanda kwa foleni. Wameleta mfumo wa kujaza kazi zako mtandaoni, PEPMIS, unajaza malengo, bosi anakupa alama, mi malengo yangu nilijazia juu ya kichuguu. Unajua nani alikuwa na alama nzuri mwaka ule? Aliyekuwa karibu na intaneti.

Usichukulie kwamba nawasifia wa binafsi, na wala wa miradi. Tulikuwa na wenzetu wa mradi wa VVU pale hospitali ya wilaya, wanalipwa zaidi yetu, wana tisheti nzuri na vikao vya hotelini, sisi tunawaangalia kwa wivu mpaka Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake. Wiki moja tu, meza zao wazi. Kijana mmoja alikuwa anafuatilia wateja wa dawa kijiji kwa kijiji kwa pikipiki, anawajua wote kwa majina, akaniachia daftari lake akasema "dada hawa wawili usipowapigia hawaji." Mi nikabaki na kazi yake na mshahara wangu ule ule. Ila nilibaki.

Kustaafu siwezi kukusimulia mwenyewe, ila mama yangu mkubwa alikuwa muuguzi, alistaafu wakati wa kile kikokotoo, kanuni ya kupigia hesabu mafao, cha asilimia 33 ya mkupuo. Alikuwa na ramani ya nyumba ya vyumba vinne, ikawa viwili na stoo. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wanapata 50, na hadi 35 kwa wengine. Pensheni ya kila mwezi anaipata, ndo anakula, hakuna mtoto anaemsimanga. Stoo analala mjukuu.

Sasa kitu kimoja ambacho kingenifanya nimpe huyu mwajiri nyota nne kama angekirekebisha ni uhamisho. Mume wangu yuko Morogoro. Tumefunga ndoa 2020, tumeishi nyumba moja jumla miezi ambayo ukiiunganisha haifiki mwaka. Barua ya kwanza niliandika kwa utaratibu, kupitia kwa mfawidhi, kupitia kwa DMO (huyo Mganga Mkuu wa Wilaya), kupitia kwa Mkurugenzi, nikaambatanisha cheti cha ndoa. Baada ya miezi minne nikaenda masijala, "haionekani." Nikaandika ya pili, ikaonekana ya kwanza, ya pili haionekani. Afisa utumishi mmoja mzee akaniambia kwa upole kabisa "mwanangu, nikikuruhusu wewe, pale nampeleka nani?" na sikuwa na jibu, maana kweli nilikuwa peke yangu. Ukihama kwa kuomba mwenyewe gharama ni zako, sawa, nipo tayari kubeba kitanda kichwani. Siku hizi unaomba kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi, barua haipotei tena, unaona kabisa kwa macho yako imekaa kwa nani na imekaa siku ngapi. Yangu imekaa.

Kwa hiyo mdogo wangu, jibu langu: chukua hiyo kazi ya binafsi leo, usikae nyumbani, ila kila mwezi hakiki michango yako, na nafasi za serikali zikitoka omba, ukipangiwa mbali nenda. Beba tochi ya kichwani, neti, vyeti vyako halisi na nakala kumi za kila kitu, na barua yoyote unayopeleka ofisini bakia na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usichukue mkopo mwaka wa kwanza hata wakuletee kalamu ya dhahabu. Fanya urafiki na mhudumu wa afya kabla ya mfawidhi.

Nyota tatu na nusu. Ile nusu ni ya Noah ya dagaa.

Na kama kuna Afisa Muuguzi Msaidizi yeyote anasoma hapa, yuko halmashauri yoyote ya Morogoro na anataka kuja kanda ya magharibi, tubadilishane. Hospitali ya wilaya, sio zahanati, umeme upo, nyumba ya mtumishi vyumba viwili, mwembe mbele ya mlango, mgebuka bei rahisi. Njoo inbox, hata usiku wa manane mi nipo macho, niko zamu.